Kreni ya kamera kwa fundi wa mageti: mkono wa mita mbili, hatua kwa hatua

Kwaya nyingi za huku Mbeya zikitaka kurekodi video, mahali pa kwanza panapotajwa ni mashamba ya chai ya Tukuyu. Mnafika alfajiri, sare zimepigwa pasi, mwalimu anapanga safu nne kwenye njia iliyo katikati ya chai, na wewe unasimamisha tripodi. Shida inaanzia hapo. Kamera ikiwa usawa wa macho inaona safu ya mbele, vipande vya nyuso za safu ya pili, na nyuma yao ukuta wa kijani. Ipandishe mita moja na nusu tu, na chai inafunguka kama mkeka, safu zote nne zinaonekana, na kama ukungu umeondoka, Mlima Rungwe nao unaingia kwenye picha.

Droni inapanda juu zaidi, lakini ina vibali vyake, inapiga kelele, na haiwezi kuanzia kwenye vidole vya mwalimu wa kwaya, sentimita 40 kutoka mkononi mwake, halafu ikapanda taratibu mpaka ionyeshe watu wote. Kazi hiyo ni ya kreni, mkono mrefu uliokaa juu ya stendi, kamera mbele na uzito wa kusawazisha nyuma. Kreni za dukani bei yake inamkatisha tamaa mpiga video wa harusi na kipaimara. Yangu niliitengeneza kwa fundi anayechomelea mageti na madirisha, kwa vifaa vya sokoni Mwanjelwa hapa Mbeya, na ilimalizika chini ya laki mbili na nusu, ufundi ukiwemo. Bei zinapanda na kushuka, kwa hiyo ulizia maduka matatu kabla ya kutoa hela.

Kabla hujanunua hata bolti moja, shika hili: kreni nzuri haipimwi kwa urefu. Inapimwa kwa mchezo, ule mlegeo mdogo unaoubaini ukishika ncha ya mkono na kuutikisa. Mchezo wa nusu milimita kwenye egemeo, yaani pale mkono unapozungukia, ukifika mita mbili mbele, ni mtikisiko unaoonekana wazi kwenye televisheni. Kila hatua iliyo hapa chini inaupiga vita huo mchezo.

Kwanza hesabu, chuma baadaye

Kreni ni wenzo, ule tuliosoma kwenye fizikia: uzito mara umbali wa mbele lazima ulingane na uzito mara umbali wa nyuma. Tuchukue mkono wa mita 2 mbele ya egemeo na sentimita 70 nyuma, mawe ya kusawazisha yakikaa sentimita 65 kutoka kwenye egemeo.

Kamera na kichwa chake tuseme kilo 2.5. Mara mita 2, ni 5.
Chuma cha kubebea kamera, nusu kilo. Mara mita 2, ni 1.
Mkono wenyewe, bomba la mraba la inchi moja na nusu geji 18 (geji ni unene wa ukuta wake, namba ndogo ndiyo nene), una karibu kilo 1.4 kwa mita. Sehemu ya mbele ni kilo 2.8, na uzito wake unahesabiwa katikati, yaani mita 1. Ni 2.8.
Fito ya pili, ya robo tatu inchi, inayokwenda sambamba chini ya mkono, ni kilo 1.3, nayo inahesabiwa katikati, mita 1. Ni 1.3.

Jumla ya mbele ni 10.1. Toa 0.35 ya mkia wa mkono, inabaki 9.75. Gawanya kwa 0.65, unapata kilo 15 za mawe.

Sasa angalia ndani ya hizo kilo 15. Zaidi ya 7 hazihusiani na kamera hata kidogo. Ni za kusawazisha chuma chenyewe. Ndiyo maana hata ukifunga simu badala ya kamera, pamoja na kishikio chake nusu kilo, bado utahitaji karibu kilo 9 nyuma. Fundi atakwambia, "Chukua geji 16, ni imara zaidi." Ni imara kweli, kwa geti. Kwako kila kilo ya ziada inataka mwenzake nyuma, na wote wawili wanakalia stendi.

Ukiongeza mita moja tu mbele, mawe yanatoka kilo 15 na kufika karibu 28, na ncha inalala zaidi ya mara tatu kwa uzito uleule wa kamera, kwa sababu kupinda kwa fito kunafuata kipeo cha tatu cha urefu, yaani urefu ukiwa mara mbili, kupinda kunakuwa mara nane. Mita 2 zinatosha. Kutoka kwenye stendi ya mita 1.3, mkono ukipanda nyuzi 50 kamera inafika mita 2.8 kutoka ardhini. Kwa kwaya, harusi na mahojiano sijawahi kuhitaji zaidi.

Ukijumlisha kila kitu, stendi inabeba kilo 23. Tripodi ya kawaida ya video haibebi uzito huo. Usijaribu.

Manunuzi

Bomba za mraba zinauzwa kwa urefu wa karibu mita 6. Chukua moja ya inchi moja na nusu geji 18. Kata mita 2.7 na ushee za mkono, inayobaki itatumika kwenye nguzo na soketi za stendi. Ya robo tatu inchi unahitaji mita 2 na ushee. Maduka mengi hayauzi kipande, lakini mafundi wa mageti wana mabaki, waulize wao kwanza. Moja ya inchi moja na robo kwa ajili ya miguu. Na bapa la chuma la milimita 6, upana sentimita 4 au 5, mita moja na nusu hivi.

Unapochagua bomba la mkono, liinue usawa wa jicho na ulitazame kwa urefu wake kama unavyolenga shabaha. Bomba lililopinda dukani halitanyooka kwako. Lizungushe nusu duara utazame tena. Mwenye duka akikuharakisha, nenda la jirani.

Egemeo ndilo la kutumia hela. Nenda kwenye maduka yanayouza vipuri vya mashine za kusaga, uombe plama bloki mbili za shafti ya milimita 20, namba yake UCP 204. Hizi ndizo beringi zenye nyumba ya chuma unazoziona zimeshikilia shafti ya kinu. Zina mambo mawili mazuri. Zinabeba mzigo mkubwa mno kuliko wako, na beringi iliyo ndani inajipanga yenyewe hata kama hukuzifunga katika mstari mmoja kamili. Kwa mtu asiye na mashine ya kukereza, hilo la pili ni baraka.

Shafti ya milimita 20, sentimita 16 zinatosha, iwe ya kung'aa na laini. Usikubali nondo. Mbavu zake haziingii kwenye beringi, na ukizisaga kwa grainda utabaki na kitu kisicho duara.

Kwa upande wa kugeuka kushoto na kulia, tafuta fremu ya baiskeli kuukuu, zile za chuma zilizobebea mkaa mpaka zikachoka. Unachotaka ni shingo na uma wa mbele, pamoja na vikombe na goroli zake. Mafundi baiskeli wanazo zimelala nyuma ya kibanda.

Mengine ni madogo: bolti za milimita 10 zenye nati za plastiki ndani, ambazo hazijilegezi, washa (zile pete bapa za bolti), bolti moja ya robo inchi ya kamera. Hapo kwenye bolti ya kamera simama kidogo. Bolti ya milimita 6 inafanana nayo na itaingia mizunguko miwili ya mwanzo. Usiilazimishe. Ya kamera ina nyuzi 20 kwa inchi, hazilingani na za milimita, na utakachoharibu ni uzi wa kamera. Nenda na bamba la tripodi yako dukani, ulinganishe hapohapo kaunta.

Hatua ya 1: shingo

Mwambie fundi aikate shingo kutoka kwenye fremu akiacha mikia ya bomba, kisha aisawazishe kwa grainda. Uma nao ukatwe sentimita 6 hivi kutoka kwenye bega lake, mahali ambapo miguu bado imenyooka. Ukiacha mirefu, inapinda kwenda mbele, na egemeo lako litakaa pembeni ya mhimili.

Toa goroli zote na vikombe kabla ya kuchomelea chochote. Joto la kuchomelea linaua ugumu wa chuma cha beringi, na grisi inaungua.

Chomelea shingo juu ya bamba la sentimita 15 kwa 15 lenye tundu katikati, ili mkono wako ufikie nati kutokea chini. Uma unakaa kichwa chini miguu juu: shina linaingia kwenye shingo, vile visiki viwili vinatazama mbinguni. Juu ya visiki chomelea bamba jingine la ukubwa uleule. Hiyo ndiyo meza itakayogeuka. Mzigo unakandamiza beringi ileile iliyo begani mwa uma, ambayo zamani ilibeba mtu na gunia lake la mkaa, kwa hiyo usiwe na wasiwasi nayo.

Ikipoa, osha vikombe kwa petroli, paka grisi mpya, panga goroli, kaza nati kidogo kidogo. Kipimo ni hiki: ukisukuma meza kwa kidole kimoja igeuke bila kukwaruza, na ukiishika pande mbili na kuitikisa usisikie "tk". Ukisikia "tk", kaza robo mzunguko. Ikianza kuwa nzito, umezidisha.

Hatua ya 2: nguzo na plama bloki

Kata vipande viwili vya bomba la inchi moja na nusu, sentimita 20 kila kimoja. Visimamishe juu ya meza, nafasi ya ndani kati yao iwe sentimita 6, na juu ya kila kimoja chomelea bapa la sentimita 13 kwa 4 la kukalia plama bloki. Tumia pima maji pande zote mbili kabla ya kuchomelea moja kwa moja. Chomelea nukta moja moja kwanza, pima, gonga kwa nyundo pakihitajika, pima tena. Fundi wa mageti amezoea kwenda mbio na geti linamsamehe. Mwombe kwa heshima apunguze kasi. Mimi nilimwambia mzee aliyenifanyia, "Shikamoo fundi, leo sina haraka, ukinikalia na hii mpaka jioni nitalipa ya jioni." Alicheka, akavuta kigoda. Hiyo jioni ndiyo sababu kreni yangu haitikisiki.

Sasa mkono. Pima sentimita 70 kutoka mkiani, weka alama katikati ya ubavu pande zote mbili. Chomelea bapa la sentimita 15 kila ubavu mahali hapo, kwa sababu tundu la milimita 20 linalidhoofisha bomba la 38. Baada ya hapo toboa mpaka upande wa pili, pitisha shafti, hakikisha imekaa mraba na mkono, chomelea kuzunguka. Shafti na mkono sasa ni kitu kimoja, vinavyozunguka ni plama bloki tu. Ingiza plama bloki huku na huku, zifunge kwenye nguzo, kaza zile skrubu ndogo zinazobana shafti.

Shusha mkia, achia. Mkono ushuke kimya.

Hatua ya 3: fito mbili, matundu mamoja

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, na ukiharibu hapa hakuna marekebisho zaidi ya kununua bomba jingine.

Fito ya pili inakaa chini ya mkono, sambamba nao, kutoka kwenye nguzo hadi kwenye kamera. Kazi yake ni kuizuia kamera isiiname. Mkono ukipanda, fito inasukuma kichwa cha mbele na kamera inaendelea kutazama mbele, usawa uleule, kama mtu aliyeinuliwa na kiti bila kuinama. Ili ifanye hivyo, pande nne lazima ziwe sambamba kweli. Umbali wa tundu hadi tundu kwenye mkono uwe sawasawa na kwenye fito. Umbali wa tundu la juu hadi la chini pale kwenye nguzo uwe sawasawa na ule wa kwenye kichwa cha mbele. Ukikosea milimita 3, kamera itainama polepole kadiri inavyopanda, na upeo wa macho utakuwa unazama bila mtu kujua kwa nini.

Usipime mara mbili kwa tepu. Laza fito juu ya mkono, zifunge pamoja kwa klempu tatu. Pale kwenye shafti weka alama ya senta yake juu ya fito kwa kutumia gonyo (kipimo cha pembe mraba), toboa fito. Kisha nenda mbele mita 2 kamili, gonga panchi, na utoboe fito na mkono kwa pigo moja, drili ikiwa imesimama wima. Anza na kijiti cha milimita 4, kisha 6, kisha 10. Ukianza na 10 moja kwa moja, drili inatangatanga na tundu linakuwa yai. Bolti ndani ya tundu la yai ni mchezo, na tayari tumekubaliana kuhusu mchezo.

Kwa yale matundu mafupi ya wima fanya vivyo hivyo. Chukua vipande viwili vya bapa vya kichwa cha mbele, vifunge pamoja, toboa matundu mawili yenye umbali wa sentimita 12. Kisha kipande kimojawapo kitumie kama ramani: tundu la juu liweke usawa wa senta ya shafti, la chini likuonyeshe mahali pa kutoboa nguzo. Umeshahamisha kipimo bila kusoma namba hata moja.

Ukuta wa geji 18 ni milimita 1.2 tu, na bolti itaula ndani ya miezi michache. Kwa hiyo kila tundu la bolti kwenye fito na mkono lipanuliwe na lichomelewe kibomba kidogo kinachopita kutoka ubavu hadi ubavu, bolti iingie humo ikibana, na grisi. Katikati ya chuma na chuma weka washa mbili za plastiki. Mimi zangu nilizikata kwenye dumu kuukuu la mafuta ya kula, lile la manjano, kwa mkasi. Plastiki ile inateleza vizuri na hailii. Kaza nati mpaka mkono ukatae kushuka wenyewe, kisha rudisha kidogo sana.

Hatua ya 4: kichwa cha mbele

Zile bapa mbili zinaukumbatia mkono na fito kutoka pande zote. Chini yake chomelea kipande cha bapa kilicholala, chenye tundu la bolti ya kamera. Kama una tripodi iliyovunjika miguu, toa kichwa chake ukifunge hapo, utapata uwezo wa kuilenga kamera juu au chini kabla ya kuanza. Kuna watu wanaweka na mota ya kugeuzia kamera wakati mkono uko hewani. Jenga hii kwanza, uizoee, mota utaiweka mwakani.

Kuona picha wakati kamera iko juu: kama kamera yako inatuma picha kwenye simu, funga simu kwenye mkono karibu na egemeo. Kama haitumi, pitisha kebo ya HDMI kwenye ubavu wa mkono hadi kwenye skrini ndogo. Iache kebo na kitanzi kwenye kila kiungo, la sivyo itavuta kamera.

Hatua ya 5: stendi

Miguu mitatu, siyo minne. Mitatu inatulia hata kwenye tuta la chai. Minne mmoja utaning'inia siku zote. Chini ya bamba la shingo chomelea soketi tatu za bomba la inchi moja na nusu, sentimita 15 kila moja, zimeinama kwenda nje. Miguu ya inchi moja na robo inaingia humo ikiwa na nafasi kidogo, kwa hiyo chomelea nati mbili kwenye kila soketi, na bolti zikaze mguu kutoka ubavuni. Urefu wa mguu ufanye bamba likae sentimita 90 kutoka chini, na nyayo ziwe sentimita 65 kutoka katikati. Katikati ya stendi acha ndoano: siku ya upepo unatundika mfuko wa mchanga.

Paka redoksaidi, ile rangi ya kuzuia kutu, halafu rangi nyeusi isiyong'aa. Huku kwetu mvua haina utani, na chuma kinachong'aa kinarudisha jua usoni kwa waimbaji.

Hatua ya 6: mawe

Mkiani, sentimita 65 kutoka kwenye egemeo, pitisha fito ya duara kwa upana, itokeze sentimita 20 kila upande. Mawe yanakaa mawili mawili, kulia na kushoto.

Chukua makopo ya rangi ya lita 4. Zege la mchanga na kokoto ndogo lina karibu kilo 2.4 kwa lita, kwa hiyo kopo lililojazwa lita 3 litakupa kilo 7 na kidogo. Simamisha kipande cha bomba katikati kabla ya kumwaga, kiwe kipana kidogo kuliko fito ya mkiani. Fanya mawili hayo, na mengine mawili madogo ya lita moja moja. Acha yakae siku saba ukiyamwagia maji, kisha yapime kwenye mizani ya muuza mchele na uandike uzito ubavuni kwa rangi nyeupe. Mwishoni mwa fito weka tundu na pini, jiwe lisiteleze mkono ukiwa umesimama.

Kilichobaki kimalizie na chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyofungwa mkiani. Mwaga kidogo, jaribu, mwaga kidogo. Uwiano umepatikana pale unapouacha mkono popote, juu, katikati au chini, nao ukabaki palepale.

Siku ya kazi

Kamera inafungwa kwanza, mawe yanafuata. Wakati wa kufungua, mawe yanatoka kwanza, kamera mwisho, na wakati wote huo mtu mmoja ameshika mkono. Siku moja karibu na Tukuyu niligeuka kuongea na mwalimu wa kwaya, na kijana aliyekuwa ananisaidia akaifungua kamera ili abadilishe betri. Alikuwa ananisaidia kwa moyo safi. Mimi ndiye sikuwa nimemwambia. Mkono ulinyanyuka kama umepigwa teke, na kilo 15 za zege zikashuka hatua moja kutoka miguuni mwa mama mmoja wa sauti ya pili. Hakuumia. Tangu siku hiyo hakuna anayegusa kreni kabla sijamsomea utaratibu huu, hata kama ni fundi mwenzangu.

Tazama juu kabla ya kusimamisha. Mkono huu ni chuma kitupu na umeushika kwa mikono miwili. Kama kuna waya wa umeme karibu, hama. Usipige hesabu kama utafika au hautafika.

Upepo wa mchana miezi ya kiangazi utakushinda, hasa kwenye maeneo ya wazi kama Uyole, kwa hiyo kazi ya kreni ifanye asubuhi. Asubuhi ya Juni na Julai nayo ina baridi kali, na kamera iliyopoa nje ikiingizwa kwenye gari lenye joto inapata ukungu kwenye lenzi. Ifunge ndani ya begi lake kabla ya kuiingiza, uiache humo nusu saa.

Kwenye usafiri, mkono wa mita 2.7 hauingii kwenye bajaji. Unafungwa juu ya Noah, umezungushiwa blanketi. Wapo wanaoukata mara mbili na kuuunga kwa bolti. Mimi sishauri, kiungo cha katikati ni mlango mwingine wa mchezo.

Kuuendesha, simama mkiani, shika karibu na mawe, siyo ncha ya mbele. Miguu yako ndiyo inayotembea, mikono inafuata. Kupanda kutoka chini hadi juu kuchukue sekunde 8 hadi 10. Anza polepole kama hutaki mtu ajue umeanza, na usisimame ghafla. Tumia lenzi pana, kwa sababu inaficha mitetemo midogo ambayo lenzi ya kuvuta ingeianika.

Ukitaka kulainisha zaidi, rekodi picha 50 kwa sekunde na uzicheze kwa 25. Lakini kwaya inaimba, na midomo ikipungua kasi haitafuata wimbo. Dawa yake ni kuupiga wimbo kwenye spika kwa kasi maradufu wakati wa kurekodi, waimbaji wakaufuata hivyohivyo. Ukiirudisha kwa 25, midomo inakaa mahali pake, na vitenge vinapepea taratibu. Wape nafasi ya kuujaribu mara mbili au tatu kabla. Mara ya kwanza wote watacheka, na sauti ya nne itapotea njia.

Ukirudi nyumbani, futa umande, kagua nati za shingo, tia tone la oili kwenye kila bolti, kisha shika ncha ya mkono na uutikise ukiwa umetega sikio kwenye egemeo.